Anayeshindilia Masasi Arudi Kuokota Maganda

Mwezi wa sita kwetu Bunagana, mpakani mwa Kongo na Uganda, ni mwezi wa kung'oa maharage. Mwaka 2022 yalikuwa yamekwisha kugeuka manjano shambani, yanangoja siku chache za jua, ndipo tarehe 13 mji ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Tuliyaacha pale pale. Watu walivuka mpaka na magodoro kichwani na watoto mgongoni, wakashukia Kisoro, na maelfu wakalala Nyakabande kwenye kituo cha mpito. Shangazi yangu aliporudi kuchungulia shamba lake upande wa Jomba, alikuta maharage yamepasuka yenyewe kwa jua na kumwaga mbegu chini. Katikati ya maganda ya maharage palikuwa na maganda mengine, ya shaba, yametawanyika kwenye matuta kana kwamba yamepandwa. Lugha yetu inayaita yote mawili kwa jina moja. Shangazi aliyaokota yote, kila aina na ndoo yake.

Baadaye mtoto wa kaka yangu, aliyepitia kambi ya Nakivale hadi akapelekwa kuishi Iowa, Marekani, alinitumia picha kwenye simu. Ni meza ya mbao ndani ya gereji ya mfanyakazi mwenzake. Juu ya meza zimefungwa kwa bolti mashine mbili za chuma, kila moja na mkono wake wa kuvuta. Chini ya picha akaandika: “Baba mudogo, huku mutu anashindilia masasi kwake ku nyumba. Na mashine iko mbili. Mutu mumoja, mashine mbili ni za nini?”

Masasi ndilo neno letu la risasi huku Kivu. Na swali la kijana huyo, alilolitupa kama watu wanavyotupa maneno kwenye simu, nimekaa nalo muda mrefu kuliko alivyodhani. Nimeona kwamba ndilo swali ambalo Afrika Mashariki nzima inapaswa kujiuliza. Kabla ya kumjibu nilimwambia arudi kwa mwenye meza amuulize yeye mwenyewe.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Risasi ina vitu vinne: ganda, baruti, fataki ndogo ya kitakoni inayolipuka ikigongwa, na kichwa kinachoruka. Ikishapigwa, vitatu vimekwisha kazi, ganda hubaki. Ganda la shaba likiwa zima, laweza kujazwa na kutumika tena, na kazi ya mashine ile ni hiyo. Mashine yake ya kwanza ni ya polepole: kila akivuta mkono, inafanya jambo moja kwa ganda moja. Hiyo ni ya masasi ya kuwindia, anayoyapima moja moja. Ya pili ina sahani inayozunguka, na kila akivuta mkono risasi moja hutoka imekamilika. Hiyo ni ya mazoezi ya shabaha, ambako hutumia nyingi. Tena kila aina ya risasi ina kalibu yake, na mwenye mashine moja hupoteza jioni nzima akifungua kalibu hii na kufunga ile.

Ni jibu la fundi, na nililiheshimu. Mafundi wa nguo wa Birere, mjini Goma, wanalijua: cherehani moja ya kushona, nyingine ya kumalizia pindo, na kazi inaenda. Lakini kilichonishika zaidi ni mambo mawili aliyoyataja pembeni. La kwanza, mezani pake hapakai baruti za aina mbili kwa wakati mmoja. Akikosea kopo, bunduki yaweza kumpasukia usoni. La pili, akimaliza kupiga shabaha huinama akaokota maganda yake yote na kurudi nayo nyumbani, maana ndiyo malighafi yake ya kesho.

Marekani ina vilio vyake vya bunduki, na ni vingi, sitaki kuvifunika. Lakini mtu huyu na mashine zake mbili hanitishi. Anayeshindilia ndiye anayepiga, na anayepiga ndiye anayeokota. Kosa la mkono wake litamrudia jichoni mwake. Safari yote ya risasi, tangu baruti hadi ganda tupu, imo ndani ya mikono miwili ya mtu mmoja. Kwa hiyo idadi ya mashine zake ni jambo lake na mke wake na nafasi ya gereji yao.

Hofu yangu inaanza pale safari hiyo inapokatwa vipande: mmoja anashindilia, wa pili ananunua, wa tatu anagawa, wa nne anapiga, na maganda yanaokotwa na mama mwenye shamba la maharage ambaye hakuwamo katika biashara hiyo hata kidogo.

Ukanda wetu nao una mashine zake. Tanzania ina Shirika la Mzinga, Morogoro, lililoanzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China. Kenya ina kiwanda cha Eldoret, Kenya Ordnance Factories Corporation, ambacho mitambo yake ilitoka Ubelgiji na ambacho kilianza kazi miaka ya 1990. Uganda ina Luwero Industries, kule Nakasongola, chini ya shirika la biashara la jeshi, NEC. Kongo yetu ina AFRIDEX ya Likasi, inayojulikana zaidi kwa baruti za migodini. Kaskazini zaidi, Ethiopia na Sudan zilijenga viwanda vikubwa kuliko hivyo vyote. Na mwezi wa nne mwaka 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua Ruiru kiwanda cha bunduki chenye uwezo, kwa maelezo ya serikali yenyewe, wa kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka. Kila bunduki mpya ni mdomo mpya unaotaka kulishwa.

Sisemi viwanda hivyo vilianzishwa kwa ubaya. Mzinga una historia ninayoiheshimu. Tanzania ya miaka ile ilikuwa maskani ya vyama vya ukombozi, Wareno wakiwa Msumbiji na makaburu wakiwa chini yao, na nchi inayowapa hifadhi wapigania uhuru haiwezi kuomba risasi kwa rafiki wa adui. Mashine ya kwanza ina jibu. Ukimuuliza mwenye nayo, “Ya nini?”, atakuambia: ili nisipigishwe magoti mlangoni pangu mwenyewe. Jibu hilo nalikubali.

Mashine ya pili ndiyo isiyokuwa na jibu jepesi, na hapa ndipo mtu wa Iowa na serikali wanapoachana njia. Yeye akichoka, huzima taa ya gereji akaenda kulala. Mashine haimdai kitu. Kiwanda kinadai. Kina wafanyakazi wa kulipwa mwisho wa mwezi, mitambo ya kutunzwa, mkopo wa kurudishwa, na jeshi la wakati wa amani halitumii masasi ya kutosha kukiweka kazini mwaka mzima. Mwenye mashine moja ya ziada hulazimika kutafuta mnunuzi wa ziada. Na mnunuzi wa masasi, katika ukanda wa Maziwa Makuu, hatafutwi kwenye mji wenye amani.

Wapo waliolitambua hili mapema. Katikati ya miaka ya 2000 kulizuka ubishi mkali Ubelgiji kuhusu kampuni ya New Lachaussée iliyotaka leseni ya kuiuzia Tanzania mitambo ya kutengenezea risasi, ifungwe Mwanza. Waliopinga hawakuwa na ugomvi na Tanzania, nchi tulivu. Walitazama ramani. Mwanza iko kwenye ziwa, na ng'ambo ya ziwa, hatua chache zaidi, ni sisi. Waliuliza: masasi yakishatoka kwenye mashine hiyo, nani atajua yalikolala? Ni ajabu na ni uchungu pia kwamba swali hilo lililotuhusu sisi liliulizwa kwa sauti kubwa zaidi Liège na Namur kuliko Nairobi, Dodoma, Kampala au Kinshasa.

Wenye kuzungumzia vita vyetu hupenda kuhesabu bunduki. Mimi nawaambia wahesabu masasi. Bunduki ni kinu, masasi ni mahindi. Kinu cha bibi kinaweza kurithiwa na mjukuu. Bunduki iliyoundwa miaka ya 1970 bado inapiga Rutshuru leo. Lakini mahindi hutwangwa mara moja. Kila vita kwenye vilima vyetu ni ushahidi kwamba kuna mtu ameleta gunia jipya. Na vita havikupungua: Bunagana iliangukia M23 mara ya kwanza mwezi wa saba mwaka 2012, ikakombolewa mwishoni mwa Oktoba 2013, ikaanguka tena Juni 2022. Goma nayo ilitekwa Novemba 2012, ikatekwa tena mwishoni mwa Januari 2025. Aliyekaa kwenye korido ya hospitali ya CBCA Ndosho, ambako madaktari wa Msalaba Mwekundu hupasua majeruhi wa vita, ameona magunia hayo yanakomwagwa.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mwaka baada ya mwaka kuhusu msaada wa Rwanda kwa M23, na Kigali imekanusha. Kampala nayo imetajwa, na imekanusha. Wameandika pia jinsi jeshi letu wenyewe linavyowapa silaha na masasi vikundi vya wanamgambo wa Wazalendo. Mtoto wa Bunagana anayesema ukweli lazima aseme yote mawili. Maji yanaingia nyumbani kwa mlango wa jirani, lakini hata dari yetu inavuja.

Ushahidi wa jinsi dari inavyovuja upo, na haukutoka kwetu. Mwaka 2008 watafiti wa Small Arms Survey walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya Turkana Kaskazini, Kenya. Waliomba wafugaji wawaonyeshe risasi zao, wakasoma vitako vya maganda. Kitako cha ganda huwa na chapa: alama ya kiwanda, na mara nyingi mwaka. Waliona kwamba karibu nusu ya masasi yaliyozunguka kule kinyume cha sheria yalitoka kwa polisi wa Kenya wenyewe, waliowagawia wafugaji wajilinde dhidi ya majirani, na chapa ya Eldoret ilikuwamo. Mwaka mmoja kabla, uchunguzi kama huo ulikuwa umefanywa Karamoja, Uganda, na masasi mengi ya wafugaji yakaonekana kufanana na yale ya vikosi vya serikali. Hakuna meli ya usiku iliyoyaleta, wala mfanyabiashara wa kigeni mwenye miwani myeusi. Yalitoka ghala la serikali, kwa nia ambayo pengine ilikuwa njema, yakaishia kuua mchunga ng'ombe.

Ndiyo maana sikubali hoja ya wanaosema kila nchi ijitosheleze kwanza, mengine yatafuata. Naijua hoja hiyo, na huku Kongo ina nguvu ya hasira ndani yake. Tangu mwaka 2003 tuliwekewa vikwazo vya silaha, na kwa miaka mingi aliyetaka kuiuzia serikali yetu alilazimika kuitaarifu kwanza kamati ya New York. Sharti hilo liliondolewa tarehe 20 Desemba 2022 kwa azimio namba 2667, na watu walisherehekea kama waliofunguliwa pingu. Nilisikia vijana Goma wakisema: sasa tujenge chetu, tushindilie wenyewe, tusimwombe mtu. Naelewa. Aliyekimbia nyumba yake mara mbili hana haja ya kuhubiriwa amani na mtu aliyelala kitandani kwake.

Lakini nawaomba vijana hao waitazame Sudan. Ni nchi chache za ukanda huu zilizojilimbikizia mashine za masasi kama Sudan. Kiwanda cha Yarmouk, Khartoum, kilishambuliwa kwa mabomu kutoka angani usiku mmoja wa Oktoba 2012, na serikali ikainyoshea kidole Israel. Juni 2023, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeanza, wapiganaji wa RSF walitangaza kuuteka mtambo huo huo. Kiwanda kilichojengwa ili serikali isimwombe mtu kiligeuka tuzo ya anayepigana na serikali. Hata kwetu, Goma ilipoanguka Januari 2025, jeshi liliondoka, silaha nyingi zikabaki. Jeshi likikimbia, ghala halikimbii. Nchi isiyoweza kulilinda ghala, ikijenga kiwanda, imemjengea nani?

Na ghala lenyewe halihitaji adui ili liue. Wakaazi wa Dar es Salaam wanakumbuka tarehe 29 Aprili 2009, ghala la jeshi lilipolipuka Mbagala, na tarehe 16 Februari 2011, lilipolipuka jingine Gongo la Mboto. Kila mara watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, katika nchi isiyokuwa na vita, katika mji wa watu waliokuwa kwenye shughuli zao za nyumbani. Brazzaville, Machi 2012, ilizika mamia. Mashine ikizidi, akiba inazidi. Akiba ikizidi, inazeeka. Ikizeeka, inachagua yenyewe saa yake.

Kuna uchungu mwingine ambao Mkongomani hawezi kuupita kimya. Ganda la risasi ni shaba iliyochanganywa na zinki, karibu sehemu saba kwa tatu. Shaba ilianza kuyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911, na Vita Kuu ya Kwanza vilipowaka miaka mitatu baadaye, shaba ya Katanga ilikwenda Ulaya ikawa maganda ya mizinga. Mgodi wa Kipushi una shaba na zinki ndani ya mwamba mmoja, kana kwamba ardhi ilishapanga mchanganyiko. Sisi tumekuwa tukitoa ganda kwa zaidi ya miaka 100, na linaturudia likiwa limejazwa. Siwezi kusema lile aliloliokota shangazi lilianzia Katanga. Shaba ikishayeyushwa haina kabila. Najua tu kwamba tumeuza sana na tumerudishiwa sana, na hatujawahi kukaa mezani tukauliza kwa masharti gani.

Basi, mashine zaidi ya moja au moja tu? Jibu langu kwa mtoto wa kaka yangu na kwa marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni moja: hakuna mashine ya pili kabla ya kitako kusema. Kila ganda litakalotoka Morogoro, Eldoret, Nakasongola, Likasi au kiwanda kitakachojengwa kesho libebe kitakoni si jina la kiwanda na mwaka peke yake, bali na namba ya fungu lake, ili daftari liseme fungu hilo liliuzwa kwa kikosi gani, tarehe gani, kwa sahihi ya nani.

Wako watakaosema ni ndoto. Brazil wanafanya. Sheria yao ya silaha ya mwaka 2003 inataka risasi zinazouzwa kwa vyombo vya usalama ziwe na alama ya kuzifuatilia kwenye ganda. Mwezi wa nane mwaka 2011 jaji Patrícia Acioli, aliyekuwa akiwahukumu polisi wauaji, alipigwa risasi mbele ya nyumba yake Niterói. Wauaji walitoroka na bunduki zao, lakini maganda yalibaki chini, na namba zake zikawapeleka wapelelezi hadi kwa polisi wa kijeshi wa Rio. Polisi walishitakiwa, wakahukumiwa, wakafungwa. Bunduki zilikimbia, maganda yakasimama kizimbani.

Kwetu maganda ni bubu kwa sababu tumeyaruhusu yawe bubu. Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 ilizitaka nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika ziweke alama kwenye bunduki, na shirika la RECSA lipo Nairobi kusimamia kazi hiyo. Makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2005 ya kufuatilia silaha yaliziacha risasi nje kabisa: bunduki iwe na namba, mahindi ya kinu yasiwe na chochote. Afrika ya Kati ilithubutu zaidi. Mkataba uliopitishwa Aprili 2010, unaobeba jina la mji mkuu wetu, Mkataba wa Kinshasa, unagusa silaha, risasi zake, na hata vipuri vinavyoweza kutumika kuzitengeneza na kuzikarabati. Ulianza kutumika mwaka 2017. Desemba 2023 Umoja wa Mataifa nao ulipitisha mfumo wa kusimamia risasi tangu zinapozaliwa hadi zinapoharibiwa. Karatasi zipo. Kinachokosekana ni serikali moja ya ukanda huu kusema: mimi naanza, na mashine yangu isimame mpaka niwe tayari.

Na mahali pa kusemea papo. Kongo ilitia sahihi Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022 na ikawa mwanachama kamili tarehe 11 Julai. Kati ya tarehe hizo mbili Bunagana ilianguka. Tuliingia nyumba ya ujirani huku tunakimbia nyumba zetu. Sitaki kulisema hilo kwa kejeli, maana wanajeshi wa Kenya, Uganda, Burundi na Sudan Kusini walikuja baadaye kwa jina la Jumuiya, na kabla yao na baada yao vijana wa Tanzania, Malawi na Afrika Kusini walikufa kwenye udongo wetu wakijaribu kuuzima moto. Mama wa Mtanzania aliyezikwa baada ya mapigano ya mwaka 2013 ana haki sawa na shangazi yangu ya kuuliza risasi ile ilitoka mashine gani. Jumuiya inayoweza kukubaliana ushuru wa unga na saruji inaweza kukubaliana daftari la masasi. Nchi moja ishindilie kwa ajili ya zote, nyingine zinunue kwa daftari lililo wazi kwa wakaguzi wa kila mwanachama. Mitambo itakayobaki bure igeuzwe: mafundi wa Eldoret na Morogoro tayari hutengeneza pia vifaa vya kiraia, na chuma hakichagui kazi.

Maana mashine tulizoahidiwa sisi wa Bunagana ni za aina nyingine. Juni 2021 Rais Museveni na Rais Tshisekedi walizindua mpango wa barabara, na mojawapo ilikuwa ya kwetu: Bunagana, Rutshuru, Goma, kilomita 89. Tulipiga hesabu kwa vidole. Viazi vya asubuhi vingefika Goma mchana bila kuoza njiani. Mama mjamzito angefika hospitali bila kubebwa kwa tipoi. Mwaka mmoja baadaye katapila hazikuwa na maana tena. Kila sarafu inayonunua mashine ya pili ya masasi imeacha kununua kitu, na sisi tunakijua hicho kitu kwa jina na kwa kilomita.

Mtoto wa kaka yangu nilimjibu hivi: mwambie huyo rafiki yako mashine zake mbili ni halali yake, kwa sababu anaokota maganda yake. Serikali ikitaka ya pili, nayo ijifunze kuinama.

Shangazi bado analima. Maganda ya maharage ya msimu huu amewapa mbuzi, na yaliyobaki ameyarudisha shambani yawe mbolea. Hayo yana njia ya kurudi yalikotoka. Ndoo ya maganda ya shaba iko nyuma ya jiko, imefunikwa bati ili watoto wasiichezee. Wachuuzi wa vyuma chakavu wamekuja mara mbili kuiulizia bei, naye amekataa. Anasema mwenyewe atakuja. Nimemuuliza mwenyewe ni nani. Alichukua ganda moja, akalifuta kwa kanga, akageuza kitako juani, akanipa nisome. Kulikuwa na tarakimu mbili na mwaka. Hakukuwa na jina la mtu.